Kabla ya Kuwasha Tanuri

(Haya ni maneno ya mfanyakazi wetu wa huduma za jamii mbele ya vijana wa karakana, wazazi wao, na akina mama wa kikundi cha kuweka na kukopa. Msemaji mwenyewe ameyaandika upya kwa ajili ya wasomaji ambao hawakuwepo.)



Najua jua ni kali na wengine mmeacha ng'ombe hawajanyweshwa, kwa hivyo nitaingia kwenye shauri moja kwa moja. Vijana wetu wameomba mkopo. Wanataka kusubu silinda hedi za injini zinazopozwa kwa hewa, na wameanza na injini ya Volkswagen Beetle, ile gari ya mgongo wa kobe. Akina mama wameniuliza: hii ni kazi ya kweli, au ni ndoto ya vijana? Jibu langu lina pande mbili, ndiyo maana sikutaka kuliandika kwa barua.

Mimi si fundi. Nina diploma ya kazi za jamii, na kuna wakati nilifikiri gasketi ni aina ya biskuti. Lakini miaka 3 nimekaa na hawa vijana, nimesoma vitabu walivyosoma, na nimelipa kwa aibu yangu mwenyewe baadhi ya mambo nitakayoyasema. Hayo ya aibu nitayafikia.

Kwanza kwa wale ambao hawajawahi kuona injini ikifunguliwa. Silinda ni kama mkebe, na pistoni inakwenda na kurudi ndani yake. Hedi ndiyo kifuniko cha huo mkebe. Lakini msidhani ni kifuniko kama cha sufuria ya uji. Ndani ya hicho kifuniko kuna njia ya kuingiza hewa na petroli, kuna njia ya kutolea moshi, kuna valvu mbili kwa kila silinda, kuna tundu la plagi, na kuna chumba kidogo ambamo moto wenyewe unawaka. Injini ya Beetle ina silinda 4, mbili zimelala upande huu na mbili upande ule. Kila upande una hedi yake moja. Kwa hivyo gari moja, hedi mbili.

Sasa, gari nyingi mnazoziona zinapozwa kwa maji. Maji yanazunguka ndani ya hedi, yanachukua joto, yanalipeleka kwenye rejeta. Beetle haina rejeta. Ina feni inayozungushwa na mkanda, na upepo wa hiyo feni unapita katikati ya mapezi. Haya mapezi ni zile bamba nyembamba zilizojipanga kwenye silinda na kwenye hedi, kama mapezi ya samaki. Mama akitaka uji wa mtoto upoe haraka anaumimina kwenye sahani, hauachi kwenye kikombe, kwa sababu kwenye sahani uji unakutana na hewa sehemu kubwa zaidi. Mapezi ni ile sahani. Mkanda wa feni ukikatika, dereva wa Beetle anatakiwa asimame hapo hapo. Akijidanganya kwamba atafika nyumbani, ataua injini.

Wazee waliopo hapa wanaikumbuka hii gari vizuri. Iliwahi kushinda mashindano ya Safari yetu ya Afrika Mashariki mwaka 1954, ikarudia 1957, na tena 1962. Kwenye barabara za vumbi na joto, gari isiyo na maji haina maji ya kuchemka. Kiwanda kiliendelea kuitengeneza hadi mwaka 2003, huko Puebla, Mexico, baada ya kutoa zaidi ya milioni 21. Kwa hivyo zilizobaki ni nzee zote. Zinatunzwa na watu wanaozipenda, zinapeleka maharusi kanisani, nyingine bado zinafanya kazi za kila siku. Na ugonjwa wao mmoja mkubwa ni hedi kupasuka.

Hedi inapasuka wapi? Mara nyingi katikati ya kiti cha valvu na tundu la plagi. Hapo chuma ni chembamba na joto ni kali, hasa upande wa valvu ya moshi. Tena kuna jambo ambalo mafundi wa zamani walilijua bila kusoma: silinda namba 3 ilikuwa inateseka kuliko wenzake. Sababu ni kwamba kipoozeo cha oili kilikuwa kimesimama ndani ya boksi la feni, kwenye njia ya upepo unaokwenda kwa hiyo silinda, kwa hivyo ilikuwa inapata upepo uliopungua na tena uliokwisha kupata joto. Kwenye gari za mwaka 1971 kiwanda kilikihamisha hicho kipoozeo, kikakipa njia yake ya upepo. Nawaambia hivi ili muone kwamba hedi mpya, hata ikiwa nzuri namna gani, ikifungwa kwenye injini ambayo upepo wake umezibwa itapasuka kama ya kwanza. Fundi anayebadilisha hedi bila kuangalia mabati ya feni na mkanda amefanya nusu ya kazi.

Sasa kwa nini mtu asubu hedi yake mwenyewe badala ya kununua? Hapa nitakuwa mkweli, na vijana msinikasirikie. Hedi za kawaida za Beetle bado zinatengenezwa huko ng'ambo, na mtu akizitaka ataagiza. Anayesubu ya kwake ni yule anayetaka kitu ambacho kiwanda hakikumpa. Mjerumani mmoja, Gerhard Oettinger, ndiye mfano ninaoupenda. Katika hedi ya Beetle ya siku zile, silinda mbili za upande mmoja zilikuwa zinavuta hewa kupitia tundu moja, kama familia mbili zinazogombania mlango mmoja. Oettinger, kupitia kampuni yake iliyoitwa Okrasa, aliuza katika miaka ya 1950 hedi alizozibuni mwenyewe ambazo kila silinda ilikuwa na njia yake ya kuingizia. Injini ikapumua. Kiwanda chenyewe kilikuja kuweka njia mbili kwenye Beetle karibu na mwaka 1970. Huyo mtu hakuwa na kiwanda cha magari. Alikuwa na wazo, michoro, na subira ya kupima.

Nasema michoro na kupima kwa sababu hapo ndipo sisi tulipoangukia.

Siku ile ya kwanza vijana walinikuta ofisini wakaniambia, "Madam, leo tunamimina." Nikaenda. Walikuwa wamechukua hedi kuukuu ya Beetle, wakaikandamiza kwenye mchanga wenye unyevu, wakaitoa polepole, wakamimina alumini kwenye lile shimo. Ndivyo wanavyofanya watu wanaosubu sufuria, na sufuria zinatoka nzuri. Ilipopoa tukaitoa, ikang'aa, tukapiga makofi. Mimi nilipiga makofi kuliko wote.

Haikuingia kwenye injini. Ilikosa kidogo tu.

Sababu ni hii. Alumini ikiganda na kupoa husinyaa, karibu milimita 13 kwa kila mita. Kwenye sufuria hakuna anayejali kama imepungua unene wa kucha. Kwenye hedi ya Beetle, kutoka katikati ya silinda moja mpaka katikati ya jirani yake ni milimita 112. Ukitumia hedi kuukuu kama kiolezo, ile mpya itatoka na milimita 110 na nusu hivi. Zile bolti ndefu zinazotoka kwenye injini zinatazama tundu na haziingii. Anayetengeneza kiolezo lazima akifanye kikubwa kuliko kitu chenyewe: pale penye 112 aweke 113 na nusu. Na kila uso utakaokerezwa baadaye kwa mashine auongezee milimita 2 au 3 za kukata. Kwa hivyo hedi inaanza kwa karatasi, penseli na rula. Siku hizi kuna vijana wanaochora kwa kompyuta, na kuna mashine zinazochapa kiolezo cha plastiki kutoka kwenye huo mchoro. Vizuri sana. Lakini kompyuta nayo haitajua habari ya kusinyaa kama wewe hukuiambia.

Mapezi nayo yalitutesa. Yale ya kiwandani ni membamba na yanakaribiana, kwa sababu wao wanasubu kwenye kalibu za chuma. Mchanga ukiuwekea mapezi membamba namna ile, unavunjika unapotoa kiolezo, au alumini inaganda kabla haijafika ncha. Tulipata mapezi kama meno ya mzee. Ikabidi vijana wachore upya: mapezi machache zaidi, manene zaidi, mapana shinani na membamba kidogo nchani ili kiolezo kitoke bila kubomoa mchanga. Hapo ndipo penye kubuni kwenyewe. Ukipunguza mapezi umepunguza sahani ya uji. Kwa hivyo unayaongeza pale penye joto zaidi, karibu na njia ya moshi, na unahakikisha upepo una pa kupita. Kijana mmoja wetu alijaza mapezi kila mahali kwa sababu yalimpendeza. Upepo haukuwa na njia. Tulimwambia afute.

Halafu kuna viini. Njia ya hewa na njia ya moshi ni mashimo yaliyopinda ndani ya hedi, na shimo lililopinda huwezi kulitoboa kwa mashine. Unatengeneza umbo la hilo shimo kwa mchanga mgumu, unaliweka ndani ya kalibu, alumini inalizunguka, halafu baadaye unalibomoa na kulimwaga. Hicho ndicho kiini. Mchanga wake unashikanishwa na kitu. Wengine wanatumia mafuta ya kitani, wengine dawa za viwandani. Sisi tumetumia molasi, ile ile mnayowapa ng'ombe, tukakausha viini kwenye joko la mikate la jirani yetu, ambaye sasa ametukataza. Kiini kikibaki na unyevu hata kidogo, kitatoa mvuke ndani ya alumini inayochemka, na hedi itajaa mapovu kama mandazi.

Nirudi kwenye chumba cha moto. Hapa hesabu ni rahisi na mtoto wa darasa la 7 anaiweza. Injini ya 1600 ina ujazo wa cc 1584, ukigawanya kwa silinda 4 unapata 396. Pistoni ikifika juu kabisa, nafasi inayobaki tuseme ni cc 60. Jumlisha 396 na 60, gawanya kwa 60, unapata 7.6. Maana yake pistoni inaubana mchanganyiko mara 7.6, na hiyo injini inaridhika. Sasa kijana akisubu chumba kidogo kwa bahati mbaya, nafasi ikabaki cc 48, hesabu inakuwa 9 na robo. Injini itagonga, itapata joto, na hedi mpya itapasuka kabla ya ile kuukuu. Kupima ni rahisi: lalia hedi kichwa chini, funga valvu na plagi, funika chumba kwa kipande cha plastiki ngumu chenye tundu, jaza mafuta ya taa kwa bomba la sindano la hospitali, uhesabu. Bomba la sindano ndicho kifaa cha bei ndogo kuliko vyote kwenye karakana yetu, na ndicho kilichotuokoa mara nyingi.

Sasa chuma cha kuyeyusha. Akina mama, hapa nisikilizeni vizuri, maana vijana wanazunguka nyumba kwa nyumba wakinunua vyuma chakavu, na nyinyi ndio mnaowauzia.

Si kila kitu cheupe na chepesi ni alumini ya hedi. Sufuria na nyaya za umeme ni laini mno. Hedi inataka alumini iliyochanganywa na silikoni. Viwanda vinatumia sana aina inayoitwa 356, yenye silikoni asilimia 7 hivi na magnesiamu chini ya nusu ya asilimia moja. Mtu wa kijijini ataipata wapi? Njia iliyo karibu ni kuyeyusha hedi kuukuu peke yake, bila kuchanganya na sufuria wala fremu za madirisha. Toa kwanza viti vya valvu na bushi zake. Karabureta weka kando, nyingi zina zinki.

Na boksi la chini la injini ya Beetle, lile kubwa linaloshika krenki, lisiingie kwenye tanuri lenu kamwe. Lile si alumini, limetengenezwa kwa mchanganyiko wa magnesiamu. Magnesiamu ikishika moto inawaka kwa mwanga mweupe unaoumiza macho, na ukiimwagia maji unaichochea. Inazimwa kwa mchanga mkavu. Ukiwa na shaka juu ya kipande, kwangua kidogo kwa tupa, dondosha siki. Ikitoa mapovu, ni magnesiamu, iweke mbali. Kijana aliyetaka kulitupa ndani yupo hapa na anajijua. Alizuiwa na mzee mmoja aliyekuwa amekuja kutengenezewa jembe.

Chungu cha kuyeyushia nacho. Vijana walianza na mtungi wa gesi uliokatwa. Alumini iliyoyeyuka hula chuma polepole, na hicho chuma kinachoingia ndani yake kinaifanya hedi iwe ya kuvunjika. Ndiyo maana kwenye ombi lao la mkopo mnaona chungu maalumu. Pia mnaona kipimajoto cha tanuri, na kuna mama aliyeniuliza kwa nini wasikadirie kwa macho kama wahunzi. Mama, chuma cha mhunzi kinabadilika rangi, kinakuwa chekundu, unajua. Alumini inayeyuka kwenye nyuzi 660 na bado inaonekana nyeupe kama maziwa. Tunamimina kati ya 700 na 750. Ukingoja mpaka iwe nyekundu mchana kweupe umekwisha kuiharibu, imenyonya haidrojeni kutoka kwenye unyevu wa hewa na wa kuni, na ikiganda hiyo gesi inabaki ndani kama vitundu vidogo. Nje inang'aa, ndani ni sponji.

Juu ya usalama sitasema mengi kwa sababu tulifanya zoezi wiki iliyopita, ila hili narudia: maji na alumini iliyoyeyuka havikutani. Tone moja chini ya chuma hicho linageuka mvuke ghafla na kukirusha usoni. Koleo, kijiko, hata kipande cha chakavu unachoongeza, vyote vipashwe moto vikauke kwanza. Msimimine juu ya sakafu ya simiti, nayo ina unyevu ndani yake. Mwaga mchanga mkavu chini. Buti za ngozi, suruali juu ya buti, miwani. Nikimwona mtu na akala karibu na tanuri nitazima mimi mwenyewe.

Sasa nije kwenye ile aibu.

Hedi ya pili ilitoka vizuri. Kiolezo kilikuwa kimepimwa, bolti ziliingia, chumba kilikuwa na ujazo wake. Tulikwenda mjini kuikerezesha, tukarudi na viti vya valvu vimepachikwa. Kulikuwa na mwalimu mmoja aliyekuwa na Beetle imelala kwa sababu ya hedi. Vijana walisita. Walisema wanataka kuijaribu kwanza kwenye injini ya karakana. Mimi ndiye niliyesema, "Mpeni mwalimu, amesubiri sana." Nilitaka kuandika ripoti nzuri, nakiri. Gari iliwaka, mwalimu akaendesha siku 11. Siku ya 12 kiti cha valvu ya moshi kilichomoka, kikaangukia pistoni, na injini yote ikaharibika kilimani, jioni, na watoto wake wakiwa ndani. Hakuna aliyeumia. Lakini mwalimu alirudi nyumbani kwa miguu, na mpaka leo hatujamaliza kumlipa.

Kwa nini kilichomoka? Alumini ikipata joto inatanuka karibu mara mbili ya chuma. Chukua kiti cha upana wa milimita 35. Joto likipanda nyuzi 200, tundu la alumini linaongezeka milimita 0.16, na kiti cha chuma kinaongezeka 0.08 tu. Yaani kile kilichokuwa kimebana kikiwa baridi kinalegea kwa takriban 0.08 kikiwa moto. Kwa hivyo kiti lazima kiwe kikubwa kuliko tundu lake kwa zaidi ya hapo, kiasi cha milimita 0.1 na zaidi kidogo, kiingizwe hedi ikiwa imepashwa moto na kiti kikiwa kimepozwa kwenye friza. Chetu kilikuwa kimegongwa kwa nyundo hivyo hivyo. Hatukuuliza, na hatukupima.

Tulipoirudisha ile hedi, mzee mmoja anayetusaidia akachukua msumeno akaikata katikati, mbele ya wote. Jamani. Karibu na njia ya moshi, pale pana nyama nene, palikuwa na shimo ambalo ningeingiza kidole. Sehemu nene huganda mwisho, na inapoganda inasinyaa na kuvuta alumini kutoka kwa jirani. Jirani akiwa amekwisha kuganda, hakuna cha kuvuta, panabaki pengo. Dawa yake ni kuweka juu ya hiyo sehemu nene nguzo ya alumini ya akiba, nene kuliko yenyewe, iwe ya mwisho kuganda, inyonywe yeye badala ya hedi, halafu unaikata na kuirudisha kwenye chungu. Vijana walikuwa wameiweka ndogo ili kubana matumizi ya chuma. Kile kiti kilikuwa kimeshikwa upande mmoja na hewa tupu, na sisi nje tulikuwa tunaona hedi inang'aa.

Kumbe hata ingekuwa nzima bado isingefika mbali, maana haikupikwa. Hedi ya aina ile ya 356 ikishatoka kwenye mchanga inapashwa tena mpaka karibu nyuzi 540 kwa saa nyingi, inatumbukizwa majini, kisha inapashwa kidogo, nyuzi 155 hivi, saa kadhaa tena. Bila hivyo inabaki laini na inajikunja bolti zinapokazwa. Ile nyuzi 540 si mchezo, ukizidisha kidogo tu sehemu za ndani zinaanza kuyeyuka. Ndiyo sababu ya pili ya kipimajoto.

Basi, akina mama, jibu langu ni hili. Mkopo wa tanuri, chungu, kipimajoto, buti na miwani, toeni. Kwa hivyo vyombo vijana watasubu puli za mashine za kusaga na vifuniko vya pampu za maji, vitu ambavyo vikiwa na kasoro mwenye navyo anavirudisha tu, na wenye mashine za kusaga wamekwisha kuwauliza. Mkopo utarudi kutoka huko. Mkopo wa kutengeneza hedi za kuuza, msitoe mwaka huu. Vijana najua mmenuna. Lakini sikusema muache hedi. Nimesema msiuze. Endeleeni kuchora, endeleeni kumimina kila mwisho wa mwezi, na kila mtakayoitoa mkateni. Zikitoka tatu mfululizo ambazo ndani ni safi, ya nne ifungwe kwenye injini ya karakana na iendeshwe mpaka tuchoke na kelele zake. Hapo nitakuja mimi mwenyewe kwa akina mama kuwaombea. Na hedi ya kwanza ya kutoka nje ni ya mwalimu, bila malipo, akitukubali.

Kuna aliyeuliza pale nyuma kama kazi hii itafaa kwa pikipiki. Ndiyo, injini nyingi za bodaboda zinapozwa kwa hewa, na hedi yake ni ndogo, ya silinda moja. Lakini spea zake zimejaa kila duka kwa bei ambayo hatuiwezi. Acheni hiyo kwanza.

Nimemaliza ya kwangu. Hedi ya tatu iko pale mezani, imetoka kwenye mchanga Jumamosi, na nguzo ya akiba safari hii ni kubwa kama ngumi. Mimi sijui ndani kuna nini, na wao hawajui. Msumeno uko kando yake. Mwalimu amekuja, naona amekaa karibu na mlango. Mwalimu, karibu mbele, tunaomba uanze wewe kukata.